Ubeti Uliobaki Nje ya Santuri

Juzi wameupiga tena. Nilikuwa napeta mchele, redio iko juu ya kabati la vyombo, na mtangazaji, kijana mwenye sauti ya kujipendekeza, akasema sasa tunawaletea zilipendwa ya akina mama wa Dar es Salaam, wimbo wa mwanamke msaliti aliyewauza wenzake. Nikauweka ungo chini. Msaliti nani? Amemjulia wapi? Huyo anayemwita msaliti ni mama yangu mzazi. Hakumuuza mtu yeyote, na wimbo wenyewe unasema hivyo, ila mtangazaji hawezi kujua kwa sababu alichonacho ni wimbo uliokatwa mkia.

Wanangu wananiambia niache. Maji yakimwagika hayazoleki, mama, wananiambia, kama vile mimi sikuwafundisha methali hiyo wenyewe. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye hakulowa. Mimi nimekaa na hasira hii tangu enzi za Mwingereza, na leo nataka kuiandika yote, pamoja na sehemu ambayo sijapata kumwambia mtu.

Kinondoni ya wakati ule ilikuwa minazi na nyumba za udongo, na kwenda mjini tulikwenda kwa miguu. Wanawake tulikuwa na chama chetu cha ngoma, lelemama, na Temeke, ng'ambo ya pili ya mji, walikuwa na chao. Tulishindana kwa kila kitu: kwa sauti, kwa matari, kwa pilau, na zaidi ya yote kwa kanga. Kila sikukuu ya Idi chama kilitoka na sare moja, doti mpya ambayo hakuna macho yaliyokwisha kuiona, na kanga hiyo ilichaguliwa kwa siri. Wanawake watatu tu walikwenda dukani, wakanunua mzigo wote wa rangi ile, wakamwambia mwenye duka asiuze doti hata moja mpaka Idi ipite. Mzigo ulifungiwa sandukuni. Aliyetunza ufunguo wa sanduku lile alikuwa mama yangu.

Mmoja wa wale watatu, na mkubwa wao, alikuwa manju wetu, yule anayetunga nyimbo na kuziongoza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, mwenye meno ya tambuu, na mama yangu alikuwa shoga yake tangu wachezwe unyago. Mimi nilimwita mama mkubwa. Wakipika, walipeana sahani juu ya ua hata kama wamepika kitu kile kile.

Idi moja, tumeoga, tumejifukiza, tumevaa sare yetu, tukafika uwanjani na kuwakuta wenzetu wa Temeke wameshatoka. Wamevaa kanga yetu. Rangi ile ile, pindo lile lile, na maandishi yale yale. Walituona tunakuja wakaanza kucheka huku wameziba midomo kwa ncha za kanga hiyo hiyo. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile masikio yananichemka.

Mama alikuwa na ufunguo. Na mdogo wake mama aliolewa Temeke. Basi, watu walitaka nini tena? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na hakuna aliyemuuliza mama hata neno moja. Kabla mwezi haujaisha manju alikuwa ameshatunga wimbo. Kwa desturi zetu jina halitajwi, lakini anayeimbwa anajulikana kwa alama, na alama aliyoiweka manju hata mtoto aliielewa:

Nguo yetu sandukuni, nani aliyeitoa?
Kala nasi sahanini, kwa wenzetu katoboa.
Mwenye ndugu ugenini, ndiye aliyebomoa.
Jamani mwiba wa ndani, ni taabu kuung'oa.

Ulikuwa wimbo mzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ungekuwa mbaya ungekufa. Uliimbwa harusini, uliimbwa wanawake wakitwanga, na mama alikuwa akiusikia anageuka na kuingia ndani. Sahani zilikoma kupita juu ya ua. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nina mtoto wa kwanza mgongoni, na bado nilikuwa mwanachama, kwa hiyo niliuitikia wimbo ule pamoja na wenzangu. Niseme ukweli, niliuitikia. Ukikataa kuitikia nawe unakuwa mwiba.

Kweli ilitoka dukani. Manju alikwenda kuchagua doti ya mwaka uliofuata, na mpimaji wa vitambaa, mtu mzima mwenye mvi, akamwambia bila hata kuona aibu kwamba safari hii atatutunzia vizuri, maana mwaka jana wale wa Temeke walimbembeleza mpaka akawafungulia robota la pili. Lilikuwapo robota la pili. Sisi tulinunua moja tukadhani tumemaliza duka zima, na kwa ujinga wetu huo tukamfanya mtu mwizi wa siri. Manju alirudi Kinondoni kwa miguu juani bila kujifunika kichwa.

Sitamnyima sifa yake. Ijumaa ile kulikuwa na harusi, na alasiri, watu wamejaa uani, aliuanzisha wimbo wake kama kawaida. Mama akainuka aondoke. Manju akamshika mkono, akaimba ubeti mpya ambao hatujausikia:

Nimerudi hadharani, neno langu naling'oa.
Mwiba ni wa madukani, huko walikounoa.
Shoga yangu wa moyoni, nilimpaka madoa.
Leo mbele ya jirani, kwa machozi nayatoa.

Akavua kanga yake ya mabegani akamfunika mama. Wanawake walilia uani pale mpaka bibi harusi akasahauliwa. Mama hakulia. Alisimama akiwa ameshikwa mkono, akauliza tu, "Umemaliza?" Manju akasema, "Nimemaliza, shoga." Mama akasema, "Basi tukale."

Kuanzia siku ile ikawa sheria ya chama kwamba wimbo ule hauimbwi bila ubeti wake wa mwisho. Na wimbo ukapendwa mara mbili, kwa sababu sasa ulikuwa na tusi na dawa yake. Watu walikuja kutoka Msasani na Kigamboni kuusikiliza, wakingoja pale mwisho, na kila mara wanawake walifuta macho. Ndivyo sifa zake zilivyofika mjini, na ndivyo walivyokuja watu wa santuri.

Alikuwa mzungu mmoja mwenye mashine, na karani wake, kijana wa bara mwenye tai na adabu nyingi. Walikuwa wamepanga chumba ghorofani mjini. Walikuja kututazama Kinondoni kwanza, mzungu akapenda, na tukaambiwa tufike Jumanne saa nne ya asubuhi. Tulifika saa mbili.

Chumba kile kilikuwa tanuri. Madirisha yamefungwa, mablanketi yametundikwa ukutani, na feni imezimwa kwa sababu mashine inaisikia. Matari yalipelekwa ukumbini kwa kuwa yalikuwa na kelele mno. Chini barabarani muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake, kwa hiyo mtu akatumwa kumwomba asogee. Sisi tulikuwa kumi na wawili, tumevaa sare, jasho linatiririka, na mbele yetu kulikuwa na kitu cha chuma juu ya mguu mmoja ambacho tuliambiwa tukiimbie.

Sasa sikilizeni tulivyofanya. Wimbo wa lelemama hauanzi hivi hivi. Unaanza kwa hodi, kisha salamu: Mungu kwanza, kisha Mtume, kisha wazee waliotangulia, kisha wenye mji, kisha mwenye nyumba. Huwezi kuingia kwa watu bila hodi. Na manju wetu, kwa kuwa hatujawahi kuingia katika nyumba ile, alitazama huku na huku, akatunga salamu zaidi palepale. Alimsalimu mzungu. Alimsalimu karani. Alikisalimu kile chuma, akakiombea kheri na kukiomba kitupokee. Sisi tukaitikia kila salamu mara mbili, kwa adabu zetu zote, na sindano ya mashine ndani ya chumba cha pili ikawa inakata santuri.

Tulifika kwenye tusi. Tukaliimba vizuri kuliko tulivyowahi kuliimba. Tukarudia kiitikio. Manju akavuta pumzi ya kuingia ubeti wa mwisho, na mama, aliyekuwa safu ya nyuma, akanyanyuka kidogo kwa vidole vya miguu kama alivyozoea. Taa nyekundu ikawaka na mzungu akanyoosha mkono juu. Sahani ya santuri imejaa.

Manju alidhani ni mapumziko. Akamuuliza karani, "Tuendelee?"

"Imetosha, mama. Nzuri sana. Bwana amefurahi."

"Bado hatujamaliza, mwanangu. Kuna ubeti."

Karani akaongea na mzungu. Mzungu akatazama saa. Karani akarudi na uso laini. "Huo mtauimba upande wa pili wa santuri, mama. Tutawaita."

Tuliamini. Tulitoka tukiwa tunachekana, mama akiwa mbele, anawaambia watu wa ngazini kwamba tumeingia kwenye mashine. Hawakutuita. Santuri ilipotoka, upande wa pili kulikuwa na wanaume wa dansi wanaomsifu mwanamke mwenye viatu virefu. Mpaka leo nikisikia tarumbeta lile natamani kulipindapinda.

Manju alikwenda kumtafuta karani. Alikwenda mara nne. Ya nne alimpata, na kijana yule akamwambia kwa upole, "Mama, watu wanaupenda hivi hivi." Nilikuwepo. Manju, ambaye ulimi wake uliogopwa kutoka Kinondoni mpaka baharini, aliinama akavuta viatu vyake. Alivivaa tukarudi.

Mnajua santuri ilivyo? Mtu akikutukana sokoni, kesho amesahau, au amekufa, au mmepatana. Santuri haichoki. Ilipigwa katika kila mkahawa wenye gramafoni, na mji ulikuwa umeanza kujaa watu wapya waliokuja kutafuta kazi, watu ambao hawakuwa uani siku ile ya harusi. Wao walijua tusi tu. Wakauliza ni nani huyo, na daima hakosekani mtu wa kuwaonyesha. Mama akipita, wanawake wa nyumba mpya walikuwa wanafanya kama wanafunga kifuniko cha sanduku, pa, kisha wanacheka. Mdogo wangu alikuwa ameposwa. Posa ikarudishwa na mshenga, aliyesema kwa adabu kwamba jamaa hawawezi kuingia nyumba inayotoboa siri. Mdogo wangu aliolewa miaka mingi baadaye, mbali, na mtu asiyekuwa na gramafoni.

Na mnadhani manju hakujaribu? Alipita kila harusi akiimba wimbo mzima. Siku moja Temeke, kwenye harusi ya watu tusiowajua, alipofika ubeti wa mwisho, msichana mmoja akamkata katikati. "Bibi, hapo umekosea," alisema. "Kwenye santuri haupo huo." Wenzake wakamuunga mkono. Walimfundisha manju wimbo wake mwenyewe. Alisimama pale na tari mkononi, na mimi niliona uso wa mtu anayetazama nyumba yake ikiuzwa. Aliacha kuimba mwaka ule. Chama nacho kikapukutika.

Mama hakuacha. Kila Alhamisi alikwenda Temeke kumtazama mdogo wake, na njiani kulikuwa na mkahawa wenye gramafoni kubwa. Alikuwa anasimama nje, kwenye ngazi, kikapu mkononi, anasubiri. Wimbo ukipigwa aliusikiliza wote, kimya, tusi lake lote, mbele ya wanaume wanaokunywa chai. Sindano ikishanyanyuliwa, kabla hawajageuza, mama aliimba ubeti wa mwisho. Peke yake. Sauti yake haikuwa nzuri, ilikuwa ya mkwaruzo, na hakuwa na tari. Aliimba mistari yote minne, akaiambia kadamnasi, "Huo ndio mwisho wake," akachukua kikapu akaenda.

Walimwita mwendawazimu. Walimzoea. Baadhi waliweka santuri makusudi wakimwona anakuja, wapate kicheko. Na mimi, mwanawe, siku nilizofuatana naye, nilikuwa navuka barabara na kusimama upande wa pili, nikijidai namnyonyesha mtoto.

Sasa niseme niliyokusudia kusema. Nimemlaumu mzungu, nimemlaumu karani, nimeulaumu mji mzima, na wote wanastahili. Lakini siku moja kabla ya Jumanne ile, karani alikuja Kinondoni kutukumbusha saa. Mimi nilikuwa nimesoma madarasa matatu na nilijua kusoma saa, kwa hiyo niliitwa kuongea naye barazani. Akaniambia, "Dada, sahani moja haibebi zaidi ya dakika tatu. Ile hodi yenu ni ndefu. Mnaonaje mkianza moja kwa moja kwenye wimbo?"

Aliniambia waziwazi. Na mimi nilimwelewa kuliko mtu yeyote pale Kinondoni angeweza kumwelewa. Nikamjibu, "Haiwezekani, kaka. Hodi ni adabu yetu. Tutaonekana watu gani?" Akainua mabega, akaniaga. Sikumwambia manju. Sikumwambia mama.

Adabu gani? Anayepiga hodi katika wimbo ule ni mimi. Manju alinipa sehemu hiyo kwa kuwa nilikuwa na sauti nyembamba inayofika mbali: "Hodi hodi wenye mji, tumekuja kwa adabu." Hiyo ndiyo sauti ya kwanza mnayoisikia kwenye santuri, peke yake, kabla ya tari hata moja. Nilitaka iingie kwenye mashine. Nilitaka mume wangu aisikie mkahawani awaambie wenzake huyu ni mke wangu, na kweli aliwaambia. Sikujua dakika tatu ni fupi kiasi gani, naweza kujitetea hivyo. Lakini nilijua kusoma saa.

Alhamisi moja mama alimaliza kuimba kwenye ngazi zile, wanaume wakapiga makofi ya kejeli, na nilishindwa kuvumilia. Nikavuka barabara nikamshika mkono kwa nguvu.

"Mama, mbona unajidhalilisha? Unapita hapa kila wiki unalisikiliza tusi lile lote la nini? Si uzibe masikio upite?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Mie nakusikiliza wewe," alisema. "Si ndiye unayepiga hodi pale mwanzo? Sauti yako nzuri, mwanangu. Nikishakusikia wewe, siwezi kuondoka kabla wimbo haujesha. Na mie nikiwa nipo, basi naumaliza."

Hapo ndipo iliponipasa kumwambia. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, kikapu kilikuwa na mihogo ya mama mdogo, na maneno yalikuwa mdomoni. Nikasema, "Haya, twende, mtoto anaungua na jua." Alikufa bila kujua, miaka michache baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa, na wimbo ule ulikuwa bado unapigwa.

Kwa hiyo juzi, wakati kijana wa redio anamwita msaliti, niliungoja wimbo. Nikajisikia mwenyewe nikipiga hodi, msichana mwenye kiburi, sauti safi kabisa. Wanawake wale wote waliotangulia mbele ya haki wakaitikia. Zikapita salamu, moja baada ya nyingine, mpaka ya kile chuma. Likaja tusi. Kisha ukaja ule mkwaruzo wa sindano, ambao ndani yake, nikitega sikio, nasikia manju anavuta pumzi.

Nikasimama katikati ya pumba zangu, nikaanza. Nimerudi hadharani, neno langu naling'oa. Mjukuu wangu akachungulia kutoka chumbani, akauliza, "Bibi, unaongea na nani?" Mtangazaji alikuwa ameshaanza kusoma matangazo ya sabuni. Nikapandisha sauti juu yake, nikaimba mistari yote minne, na sauti yangu sasa ina mkwaruzo kama ya mama.